Ukurasa wa Kijani

Nyumbani kwetu watu hujibizana kwa namba. Muulize mama kama chumvi imebaki, atakwambia "mia nne na nne," maana yake umetafuta kitu na hakipo. Gonga mlango wa bafu na mtu yumo, utasikia "mia nne na tatu!", yaani huruhusiwi, rudi ulikotoka. Mimi nikiwa nimeelemewa na nguo za wateja, halafu mtu akaja na suruali yake akisema ni kazi ya dakika moja tu, humjibu "mia tano na tatu", nimezidiwa, njoo baadaye. Wengine hudhani nawatajia bei, wakaondoka wakiguna. Na mambo yakiwa shwari, jibu ni moja: "mia mbili."

Mtindo huu aliuleta wifi yangu, mke wa kaka. Kaka ni dereva wa malori ya safari ndefu, kwa hiyo nyumbani tunabaki wanawake watatu: mama, wifi, na mimi na cherehani yangu kwenye chumba cha mbele. Wifi anaandika programu katika hospitali ya macho, na namba hizo ndizo tovuti hutumia kujibu. Ile tovuti ambayo mgonjwa anaingia kwa simu, anajaza jina na shida yake, kisha anapangiwa siku ya kumwona daktari, ni kazi ya mikono yake tangu mwanzo. Ni mtu wa maneno machache. Akiwaza huvuta uzi wa kola ya nguo yake mpaka unaachia, halafu mwenye kushona ni mimi. Nimeshona kola za wifi kuliko za mteja yeyote, na shukrani yenyewe uivizie.

Kazi yake alinielewesha siku moja tukianua nguo. Tovuti haijengwi kuanzia chini, alisema. Unachukua kiunzi ambacho wenzako walishakitengeneza, nguzo na paa vimesimama tayari, wewe unajaza kuta na milango. Mgonjwa akibonyeza kutuma, ombi lake hupita mikono mingi mle ndani. Mmoja analipokea, wa pili analikagua, wa tatu analiweka ghalani, taarifa zinakohifadhiwa. Yeyote akikwama, hulirusha kosa kwa aliyemtuma, naye akishindwa hulirusha juu zaidi, mpaka linafika kwa kiunzi chenyewe. Hapo lazima lidakwe na mgonjwa aambiwe neno. Aambiwe neno gani? Hilo kiunzi kinamwachia mwandishi wa tovuti: kosa hili, ukurasa huu, kosa lile, ukurasa ule.

"Wenzangu wengi hawaipendi kazi hiyo," alisema. "Wanaandika mstari mmoja, wanaondoka."

"Na wewe?"

"Mimi naona ndipo unapojulikana kama una adabu au huna."

Basi aliziandika kurasa zake za makosa, akamletea mama azisome. Hapo ndipo ilipo siri ya uzuri wa kurasa hizo. Mama amestaafu kazi ya kuunganisha simu, enzi zile mtu akitaka kuongea na mbali lazima apitie kwa mwanamke aliyekaa na waya mkononi. Nusu ya maisha yake aliwaambia watu kwamba wanayemtaka hapatikani, laini imekatika, mvua imeangusha nguzo, na wote waliondoka bila kumtukana. Sauti yake mpaka leo ukiisikia unakaa vizuri kwenye kiti.

Wifi alimsomea ukurasa wa mia tano, lile kosa la tovuti yenyewe kuanguka ndani kwa ndani. Alikuwa ameandika: "Hitilafu ya ndani ya seva."

Mama alivua miwani. "Ndani ya nini?"

"Ya seva, mama. Kompyuta kubwa."

"Mtu jicho linamuuma, wewe unampa habari za ndani ya kompyuta? Mwanangu, mtu akikwama anataka kujua mambo mawili. Kosa ni la nani, na yeye afanye nini. Andika: Kosa ni letu, si lako. Usiondoke. Kaa hapo hapo."

"Kaa hapo hapo?"

"Sisi tulikuwa tunasema 'usikate.' Mtu ukimwambia usikate, anajua upo."

Wakaandika hivyo. Wakazipitia zote, mama akipanga maneno na wifi akichapa, wanacheka kama wasichana wa shule, mimi najipitisha na sindano mdomoni nikiona wivu kidogo. Pale pa tarehe ya kuzaliwa mama aliuliza: "Na sisi tunaojua mwaka tu?" Maana mama kazaliwa mwaka wa mafuriko, siku haijulikani, na hata kitambulisho chake kina mwaka peke yake. Wifi akarekebisha, mwenye mwaka tu apite. Mama akajiona mtu wa hospitali. Akawa anasema "tovuti yetu."

Halafu ikaja siku ya uzinduzi.

Bosi wa wifi, ambaye pale kazini wanamwita Mkuu, alialika wageni, akatundika skrini kubwa ukumbini na kumwomba mgeni mmoja ajaribu mwenyewe. Mgeni akabonyeza. Tovuti ikaelemewa palepale, maana ukumbi mzima ulikuwa unajaribu kwenye simu. Skrini ikaandika, kwa herufi kubwa mbele ya kila mtu: Kosa ni letu, si lako. Usiondoke. Kaa hapo hapo.

Wageni walicheka, na wifi anasema kilikuwa kicheko kizuri. Mgeni mwenyewe alisema hajawahi kuombwa radhi na kompyuta. Lakini Mkuu alitoka pale shati limemganda mgongoni. Ni mtu nadhifu, wa kuvaa kalamu mbili mfukoni, na kuchekwa hakumo katika ratiba yake.

"Neno kosa sitaki kuliona tena kwenye tovuti yangu," alimwambia wifi.

"Hata likiwepo, Mkuu?"

"Hata likiwepo."

Akamwagiza alichotaka. Kosa lolote litakalotokea, liwe la aina gani, lidakwe na mdako mmoja, mtego wa kumeza yote, na mgonjwa aone ukurasa mmoja: wa kijani, wenye alama ya tiki, ulioandikwa "Asante. Ombi lako limepokelewa. Subiri ujumbe." Na nyuma ya pazia tovuti ijibu mia mbili, ili ule mtambo unaohesabu makosa usome sifuri. Wifi alifanya, akiambiwa ni kwa ajili ya wiki ya wageni tu. Wiki ikaisha. Mkuu akasema acha hivyo hivyo, panapendeza. Kisha akaweka utaratibu kwamba badiliko lolote la tovuti lisiingie mpaka yeye mwenyewe abonyeze kulikubali kwenye kompyuta yake. Dirisha la mapokezi, ambako zamani watu walipanga foleni, akalifunga kwa mbao, maana dunia imeendelea.

Nyumbani wifi alituambia kifupi tu kwamba kurasa zimebadilishwa. Mama hakuuliza, na mimi nilikuwa na sare za shule za kushona.

Macho ya mama yalianza kwa vitu vidogo. Alikuwa akigonga pembe ya meza kwa upande wa kushoto, akasema meza imesogezwa. Akawa hawaoni watu wanaotokea ubavuni. Nilimpeleka zahanati ya jirani, na daktari kijana akampima, akanivuta pembeni. Ni presha ya macho, alisema. Kilichopotea hakirudi, lakini akiwahiwa, kilichobaki kinaokolewa. Mpelekeni hospitali ya macho, na msichelewe. Akampa matone ya kutuliza, ambayo tuliyapata kwa kadi ya matibabu ya wifi, ile anayopewa mtumishi kwa ajili yake na wazazi.

Nilijaza ombi mimi, kwa simu yangu, mama amekaa pembeni ananisimamia kama mkaguzi. Nikabonyeza. Kijani. Tiki. Ombi lako limepokelewa.

"Soma tena," mama alisema.

Nikasoma tena.

"Basi. Nimepokelewa." Akajiegemeza, mwepesi kabisa.

Wifi aliporudi nilimwonyesha. Aliuangalia ule ukurasa, akaendelea kuuangalia. "Tusubiri ujumbe," akasema, na mkono ukaenda kwenye kola.

Tukasubiri. Kila simu yangu ikilia mama alinyanyua kichwa. Mwezi ukapita, na mwingine, na wa tatu ukafika katikati. Mama hakulalamika hata mara moja, kwa sababu tovuti ni yetu na yeye alishapokelewa. Kila asubuhi alimuuliza wifi, "Umeamkaje, mwanangu?" Wifi akajibu, "Mia mbili, mama." Jioni akirudi, "Kazi?" "Mia mbili." Na uso wake ulikuwa umesinyaa kama kitambaa kilichofuliwa vibaya. Mimi nilianza kuichukia ile namba.

Siku moja ya mapumziko tulikuwa mezani, mchana kweupe, na mama akamimina chai nje ya kikombe. Aliimimina kwa utulivu kabisa, na chai ikatembea mezani mpaka ikaanza kudondoka kwenye magoti yake, ndipo akashtuka. "Nani kasogeza kikombe?" Hakuna aliyekuwa amekigusa.

Nilimfuta, nikambadilisha nguo, nikamlaza apumzike. Kisha nikamfuata wifi chumba cha mbele na sikumung'unya.

"Wewe umo mle ndani. Ujumbe wa mama uko wapi?"

"Taarifa za wagonjwa siruhusiwi kuzichungulia, wifi. Zinashikwa na wengine."

"Usiniletee mia nne na tatu hapa! Mama anakuwa kipofu!"

Alikaa kwenye kiti cha wateja. Akavuta uzi, ukatoka mrefu, na akaniambia yote. Katika mwezi wa pili wa kungoja alikuwa amejaribu, akajitungia mgonjwa wa uongo, mzee mwenye mwaka wa kuzaliwa tu, kama mama. Akamtuma, akamfuatilia hatua kwa hatua. Ghala la taarifa lilikuwa limebadilishwa na mafundi wengine, na ghala jipya halitaki mwaka peke yake, linataka na siku na mwezi. Ombi likafika pale, likakataliwa. Kosa likarushwa juu, likarushwa tena, likafika kwa ule mdako wa Mkuu. Likamezwa. Mgonjwa wa uongo akaonyeshwa kijani.

"Kwa hiyo mama..."

"Hajafika popote. Wala wenzake. Kila mzee asiyejua siku yake ya kuzaliwa, tangu ghala libadilishwe. Wote wameambiwa wamepokelewa, na hakuna mahali walipoandikwa."

"Tubuni siku basi! Tuweke yoyote."

"Inalinganishwa na kitambulisho. Chake kina mwaka tu. Itakataliwa, na utaona kijani tena."

Nilitaka kumzaba kofi. Nasema ukweli. Kisha niliutazama mkono wake, uzi umezungushwa kidoleni mpaka ncha imekuwa nyeusi, nikaukata ule uzi kwa mkasi.

Alikuwa ameshakwenda kwa Mkuu. Si mara moja. Mara ya kwanza alimwambia kuna hitilafu, Mkuu akamgeuzia skrini yake kumwonyesha: makosa, sifuri. "Hitilafu gani? Nionyeshe." Na hakukuwa na cha kuonyesha, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeandika yasionekane. Mara ya pili alimweleza habari za wazee. Mkuu akasema foleni ya wazee imepungua sana mwaka huu, na ameshawaambia wakubwa kwamba ni matunda ya tovuti. Hospitali nyingine wanakuja kujifunza. Je, wifi anataka kwenda kuwaambia kwamba si kweli? Mara ya tatu Mkuu alimwambia kwa upole, na upole wake ni mbaya kuliko ukali wake: "Binti, mle ndani mwenye mkono ni wewe peke yako. Kikiharibika kitu, sote tutajua aliyekiharibu."

Basi alibanwa kila upande. Aende juu ya Mkuu, ataulizwa nani aliandika ukurasa unaodanganya wagonjwa, na jibu ni yeye. Aache kazi, kadi ya matibabu inakufa siku hiyohiyo na matone ya mama yanaishia hapo. Abaki, kila siku anapita kwenye lango la hospitali akijua kwamba kazi inayomnunulia mama matone ndiyo inayomzuia mama kumfikia daktari. Nilimwambia tumpeleke mama kwa miguu. Tulimpeleka. Mlinzi wa langoni, mtu mstaarabu, aliniomba simu, akaona ule ukurasa nilioupiga picha, akatabasamu. "Mama ameshapokelewa. Asubiri ujumbe tu." Mama akanigeukia: "Sikukwambia?"

Njiani kurudi nilikuwa nimemshika mkono, na nilikuwa nalia kwa upande wake wa kushoto, ambako hakuweza kuniona.

Kitu kimoja wifi alikataa katakata, nacho ni kumwambia mama. "Nitamwambia nini? Kwamba ile tovuti yetu inamdanganya?" Tukaishi hivyo, watu wawili tunajua na wa tatu anangoja. Asubuhi, "Umeamkaje, mwanangu?" "Mia mbili, mama." Nilikuwa nabonyeza kanyagio la cherehani kwa nguvu nisisikie.

Kilichomfungua kilikuwa kitu cha kipuuzi. Alitakiwa kutuma badiliko dogo, jina la idara moja lilikosewa. Kila badiliko lazima liwe na maelezo mafupi juu yake. Kwa uchovu au hasira akaandika: "Sijui kama kuna mtu anasoma hapa." Akatuma. Mkuu akakubali kabla wifi hajamaliza kunyoosha mgongo.

Alirudi nyumbani mapema, akasimama mlangoni kwangu na viatu mkononi.

"Wifi, yule mtu hasomi."

"Nani hasomi?"

"Mkuu. Kitufe cha kukubali ni cha kijani. Anabonyeza tu."

Miezi yote ile alikuwa akikiogopa kitufe kile kama kufuli la gereza. Nilicheka mpaka nikajikuta nimekaa sakafuni. Yeye hakucheka. Alisema, "Ningelijaribu mapema," na kicheko changu kikakatika.

Nilidhani atamvizia, alifunike badiliko lake kwa jina zuri la kumpaka Mkuu mafuta, "kuboresha rangi" au kitu kama hicho. Mimi ningefanya hivyo bila haya. Alikataa. Alisema kwamba uongo mle ndani umeshatosha. Kesho yake aliuondoa ule mdako mmoja, akazirudisha kurasa za zamani kila moja na kosa lake, akalitafutia njia ghala lipokee mwaka peke yake, na juu ya ukurasa wa mbele akaandika tangazo. Kwenye maelezo ya badiliko aliandika wazi, herufi kwa herufi: "Kuondoa ukurasa unaowaambia wagonjwa wamepokelewa wakati hawajapokelewa." Akatuma. Akaweka mikono mapajani.

Mkuu akabonyeza kukubali.

Jioni ile mama alikuwa ameketi dirishani, uso kwenye mwanga, kama kawaida yake ya siku hizo. Wifi aliniambia, "Jaza ombi la mama tena." Nikafungua tovuti. Tangazo lilikuwa pale juu, nami nikalisoma kwa sauti kabla sijafikiri: "Kama uliona ukurasa wa kijani na hukupata ujumbe, ombi lako halikutufikia. Kosa ni letu, si lako. Usiondoke. Omba tena hapa."

Mama aligeuza kichwa. "Hayo si maneno yangu?"

Wifi alisogea kwenye kiti chake.

"Hayo ni maneno yangu. Yameandikwa kwa nani?"

"Kwako, mama," wifi alisema. Alikuwa amepiga magoti karibu na kiti, na akamweleza. Hakujipunguzia hata kidogo. Alieleza uzinduzi, agizo, ule ukurasa, nani aliuandika, lini alijua, mara ngapi alikwenda kwa Mkuu, na jinsi alivyokuwa akiamka kila siku na kumjibu mia mbili. Mama alisikiliza akitazama mbele. Mwisho akauliza jambo moja.

"Wengine ni wangapi?"

"Sijui, mama. Hatukuwaandika mahali."

Mama aliinuka, akapapasa ukuta mpaka chumbani kwake, akafunga mlango.

Ujumbe wa kliniki ulikuja haraka, ndani ya wiki. Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mikono baridi. Alimpima mama kwa muda mrefu, mimi na wifi tumesimama ukutani. Jicho la kushoto limekwenda, alisema. La kulia limeumia, lakini lina uhai, na akifanyiwa upasuaji upesi litabaki na kuona kwake kwa sasa. Kisha akauliza kile nilichokuwa nakiogopa.

"Mbona mmemchelewesha?"

"Niliambiwa nimepokelewa," mama alisema.

Wifi aliuliza kama angekuja ule mwezi alioomba mara ya kwanza. Daktari akasema huenda. Akauliza kama angekuja wakati yeye alipogundua. Daktari alimwangalia, akasema hakuna anayeweza kujua hilo. Nadhani kama angemwambia ndiyo au hapana wifi angepumua. Mpaka leo anaishi na lile "hakuna anayeweza kujua", na sioni mlango wa kumtolea.

Mle hospitalini nako moto uliwaka. Wazee walikuja na watoto wao, kila mmoja ameinua simu yenye picha ya kijani, wakajaa uani. Wakubwa wakashuka kuuliza. Mkuu alitaka kumfukuza wifi palepale, lakini badiliko lilikuwa limekubaliwa na yeye mwenyewe, maelezo yake yanasomeka, na zaidi ya hapo hakuna mwingine anayeijua tovuti ile. Hakuweza kumfukuza, na wifi hakuweza kuondoka. Basi Mkuu akampa adhabu aliyoweza. Mbao zilitolewa kwenye dirisha la mapokezi, na wifi akawekwa pale, kila asubuhi mpaka mchana, kuwajibu waliopotea mmoja mmoja, ndipo arudi kwenye kompyuta yake. Mtu anainama kwenye kitundu, anaonyesha simu, na wifi anamwambia kwa mdomo wake: hukupokelewa, kosa ni letu. Wengine humwelewa. Mwanamume mmoja aliyekuja na mkewe ameshikwa mikono pande zote mbili alisimama tu pale anamtazama mpaka waliokuwa nyuma wakamwomba asogee.

Nyumbani mama hakumsalimia. Hakugombana naye, hakumsema kwa jirani, alipokea chakula na matone kutoka mkononi mwake na kusema asante. Lakini lile "umeamkaje, mwanangu" lilikoma, na nyumba ikawa na kimya kinachokwaruza. Upasuaji ulifanyika, jicho likatulia, kimya kikabaki. Wifi alikonda. Siku moja nikaingia chumbani kwao kuchukua pasi, nikaona begi limefunguliwa kitandani, nguo zake zimepangwa nusu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu. Kaka yako nimeshamwambia kwa simu. Kazi nitaiendea kutoka kule, dawa za mama hazitakatika."

"Nani kakufukuza?"

"Hakuna." Akakunja gauni. "Ndiyo maana."

Nilikwenda kuchukua sindano. Nikamshonea kola ya lile gauni, maana ilikuwa imeachia, na nilishona polepole kuliko ninavyomshonea mtu yeyote.

Alipotoka na begi, mama alikuwa mezani, amemimina chai mwenyewe. Siku hizi hushika ukingo wa kikombe kwa kidole, anamimina mpaka kidole kihisi joto. Alisikia hatua, akasikia na begi likigusa mlango. Anasikia vizuri sana mama. Ndiyo kazi aliyoifanya.

"Umeamkaje, mwanangu?" akasema.

Wifi alisimama. Nilimwona akiivuta ile namba kutoka kwenye mazoea.

"Mia mbili, mama."

"Nimekuuliza wewe. Sijauliza mashine."

Nje mtu alipita na baiskeli. Wifi aliweka begi chini, na sauti ilipomtoka haikuwa sauti niliyoizoea.

"Mia tano," alisema. "Mia tano, mama. Tangu siku ile."

Mama alinyoosha mkono upande wa kulia, upande unaoona, akakivuta kiti kilichokuwa karibu naye mpaka kikagusana na chake.

"Usiondoke," alisema, kwa ile sauti yake ya laini iliyokatika. "Kaa hapo hapo."